Fitingi Inavuja: Kasoro ni ya Dawa ya Hesi au ya Fitingi Yenyewe?

Mtu anayejiundia ndege akiona fitingi imelowa, mkono huenda moja kwa moja kwenye tyubu ya dawa ya kuziba hesi. Mara nyingi huo ndio mwanzo wa tatizo la pili. Kwenye mabomba ya petroli, oili na breki kuna miungano ya aina nne, na ni moja tu inayohitaji dawa. Kwa hiyo swali la kwanza si "nipake dawa gani?" bali "hapa panapozibwa ni wapi?"

Fitingi yenye koni mbele ya hesi ni ya flea, yaani mdomo wa bomba uliopanuliwa. Kwenye ndege koni hiyo ina nyuzi 37. Inaziba chuma kwa chuma, mdomo wa bomba ukikandamizwa kwenye koni na nati AN818 pamoja na pete AN819 (AN ni namba za viwango vya vipande vya ndege). Hesi zake kazi yake ni kuvuta tu, hazizibi chochote. Fitingi yenye hesi sawa, yaani isiyopungua unene, na mfereji wa oringi chini ya kichwa inaziba kwa oringi, yaani pete ya mpira. Bolti ya banjo, yaani bolti yenye tundu la kupitisha kimiminika, na plagi nyingi za kumwagia oili, huziba kwa washa laini ya shaba au alumini. Inabaki hesi iliyochongoka, inayopungua unene kuelekea ncha: NPT. Hii huziba kwa hesi kubanana zenyewe, lakini baina ya kilele cha hesi moja na bonde la nyingine hubaki njia nyembamba ya mzunguko kama ngazi ya mnara, na kimiminika huifuata hadi nje. Dawa kazi yake ni kuijaza njia hiyo.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba fitingi moja hubeba aina mbili. AN816 iliyonyooka, AN823 ya nyuzi 45 na AN822 ya nyuzi 90 zina NPT upande mmoja na flea upande wa pili. Dawa inapakwa upande mmoja tu. Ukiona dawa pande zote mbili, aliyeifunga hakujua anachokifanya, na ni vizuri ukague kila fitingi aliyoigusa.

Doa la petroli kwenye mguu wa elbo (fitingi ya kona)

Petroli ya ndege, 100LL, ina rangi ya buluu na huacha doa la buluu, kwa hiyo ukaguzi ni rahisi. Petroli ya magari huacha doa hafifu la manjano au isiache kitu. Kwa vyovyote vile, usiamini mahali ulipoliona doa. Petroli hutambaa chini ya bomba, ikazunguka nati, ikadondokea mahali pasipohusika. Futa eneo lote kwa kitambaa chenye asetoni, liache likauke, kisha paka vumbi la chaki nyeupe kwenye mguu wa fitingi, kwenye nati, na kwenye mwili wa kifaa ilimofungwa. Washa pampu ya umeme kwa dakika chache bila kuwasha injini. Chaki italowa kwanza pale petroli inapotokea.

Ikilowa pale NPT inapoingia kwenye gaskoleta (chujio la petroli lenye bakuli), kabureta au pampu, visababishi ni vichache. Kinachotokea zaidi ni elbo kurudishwa nyuma. Fundi ameikaza, ikapita upande anaoutaka kwa robo mzunguko, naye akairudisha kidogo ili bomba likae sawa. Hesi iliyochongoka hubanana kwa sababu inaingia mahali panapozidi kuwa pembamba. Ukiirudisha hata nyuzi 20, mbano umeulegeza na dawa iliyokuwa imetandazwa umeichana. Hapo hakuna dawa itakayokuokoa. Ivue, isafishe, uanze upya. Kama kila mara inaishia upande usiofaa, jaribu elbo nyingine ya namba ileile: hesi hutofautiana kidogo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, na ya pili inaweza kusimama panapotakiwa. Usiongeze dawa ili ikaze mapema, wala usilazimishe mzunguko mzima zaidi kwenye kipande cha alumini ya kumimina.

Kisababishi cha pili ni hesi zisizo ndugu. NPT ya 1/8 ina hesi 27 kwa inchi, kipenyo cha nje kama milimita 10.3, na pembe ya hesi nyuzi 60. BSPT ya 1/8, hesi iliyochongoka ya kiwango cha Uingereza, ina hesi 28 kwa inchi, kipenyo milimita 9.7, na pembe nyuzi 55. M10×1, hesi sawa ya milimita inayopatikana kwenye sensa nyingi za magari, ina kipenyo milimita 10 na hatua ya milimita 1, wakati hatua ya NPT ni milimita 0.94. Zote tatu zitaingiliana mizunguko miwili au mitatu, kisha zitakaza kwa namna inayoridhisha kabisa mkononi. Kumbe zimeshikana kwa hesi mbili tu. Usipime kwa rula, maana urefu wa hesi ni mfupi mno kuonyesha tofauti ya 27 na 28. Tumia geji ya hesi na uishike kwenye mwanga: mwanga ukipenya chini ya meno, hesi si yenyewe.

Kisababishi cha tatu ni ufa. Alumini ya kumimina ikikazwa kupita kiasi hupasuka kwa urefu, sambamba na fitingi, na ufa huo huonekana kama uzi mmoja mweusi kwenye ukingo wa tundu. Chaki italowa kwa mstari, si kwa duara. Kifaa hicho kimeisha. Ukikuta ndani yake tepu nyeupe ya mafundi bomba usishangae: tepu huteleza sana, na fundi hapati ile hisia ya kukaza inayomwambia aache.

Kuifunga upya NPT

Ondoa terminali ya betri, mwaga petroli, unganisha ndege na ardhi kwa waya, fungua milango ya karakana, na kizimamoto kiwe karibu. Kisha vua fitingi.

Dawa ya zamani haitoki kwa kupangusa. Tumia brashi ya waya za brasi kwenye hesi za nje. Hesi za ndani zichokoe kwa kijiti cha plastiki huku tundu likitazama chini, ili vipande vidondoke badala ya kuingia ndani. Usipulize kwa kompresa kuelekea kwenye bomba. Malizia kwa asetoni, acha pakauke kabisa.

Sasa ijaribu fitingi kavu, bila dawa, kwa vidole. Inatakiwa iingie mizunguko kama minne ndipo ikatae. Ikikataa baada ya mmoja au miwili, hesi zimeharibika au si za aina moja. Ikizama hadi mwisho kwa vidole, tundu limekatwa kwa kina kupita kiasi, na dawa haitaziba pengo hilo kwa muda mrefu.

Paka dawa kwenye hesi za nje tu, kamwe si za ndani. Hesi ya kwanza na ya pili kutoka kwenye ncha ziache tupu. Dawa ikipakwa kwenye tundu husukumwa mbele na fitingi inapoingia, na yote huishia ndani ya petroli. Kwa NPT ya 1/8, tone lenye ukubwa wa punje ya mchele linatosha: lizungushe kwa kidole chenye glavu hadi mabonde yajae na vilele viendelee kuonekana. Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha kwa spana mzunguko mmoja hadi miwili, ukishikilia kifaa kwa spana ya pili ili nguvu isiende kwenye mabano yake. Kwenye alumini ya kumimina anza na mmoja, na ongeza pale tu mwelekeo wa elbo unapodai.

Dawa ipi, kwa kimiminika kipi

Kwa petroli na oili, chaguo linalofaa sehemu nyingi ni Loctite 565 au 567. Ni krimu nyeupe zenye unga wa PTFE (plastiki telezi, ileile ya tepu nyeupe ya mafundi bomba), zinazokauka pale zinapokosa hewa na kugusana na chuma. 565 hufaa hadi kama nyuzi joto 150, na 567 hadi kama 200, kwa hiyo ya pili ndiyo ya kwenye injini. Unga huo si sawa na tepu, kwa sababu hauwezi kuchanika ukawa utepe.

Permatex Aviation namba 3 ni uji wa kahawia unaopakwa kwa brashi na haugandi ukawa mgumu. Ni mzuri kwa oili na kwa petroli isiyo na kilevi. Husafishwa kwa spiriti, na hilo lenyewe linatosha kukuonya: penye petroli ya magari yenye ethanoli usiitumie. Dawa za shelaki ziepuke kabisa, maana kilevi huyeyusha shelaki.

EZ Turn, ambayo mafundi wa zamani waliijua kama Fuel Lube, ni grisi nzito isiyoyeyushwa na petroli wala oili. Inafaa vali za petroli, oringi, na plagi za kumwagia zinazofunguliwa kila mara. Kwa NPT ya petroli yenye presha ndogo inafanya kazi. Kwa hesi za injini zinazotikisika na kupata joto, 567 ni bora.

Silikoni ya gasketi haina nafasi kwenye mfumo wa petroli. Huvimba, hulainika, humeguka. Na kwenye mabomba ya oksijeni usipake chochote kati ya hivi: mafuta na oksijeni yenye presha huwaka bila cheche, na huko hutumika vitu vilivyoidhinishwa kwa oksijeni tu.

Nati ya flea inalowa, na kukaza hakusaidii

Acha kukaza. Ifungue uutazame mdomo wa bomba kwa kioo cha kukuzia. Pale ulipokandamizwa kwenye koni kuna pete inayong'aa, na pete hiyo inaeleza karibu kila kitu.

Pete nyembamba iliyo ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, maana yake pembe hazilingani: mdomo umepanuliwa kwa kifaa cha magari cha nyuzi 45, au fitingi yenyewe ni ya 45. Pete pana upande mmoja na iliyokatika upande wa pili maana yake bomba halikufika lenyewe, limevutwa na nati. Bomba linatakiwa likae kwenye koni kwa mkono, likiwa limetulia, kabla nati haijashikwa. Mkwaruzo unaokatiza pete ni njia ya petroli. Ufa unaoanzia ukingoni kuelekea ndani hutokana na bomba lililokatwa bila kuondoa makali, au lililopanuliwa kwa pupa. Na mdomo uliokuwa mwembamba kama karatasi, wenye alama ya pete AN819 iliyozama kwa nyuma, umekazwa kupita kiasi. Huo unavuja kwa sababu alumini imeshatambaa na haina tena cha kukandamizwa.

Katika hali zote hizo tiba ni kukata na kupanua mdomo upya, au kutengeneza bomba jipya ikiwa la zamani litabaki fupi mno. Kupaka dawa kwenye koni huzuia chuma kugusana na chuma na huingiza makombo kwenye petroli. Unachoruhusiwa kuweka ni tone la oili kwenye hesi za nati na mgongoni mwa pete, ili nguvu ya spana iende kwenye kubana badala ya kupotelea kwenye msuguano. Koni iwe safi.

Kwa bomba la alumini laini la 5052-O, spana ya toki iwe hivi: bomba la inchi 1/4, paundi-inchi 40 hadi 65, yaani 4.5 hadi 7.3 N·m, la 3/8, 75 hadi 125, sawa na 8.5 hadi 14. La 1/2, 150 hadi 250, sawa na 17 hadi 28. Mtengenezaji wa fitingi, au wa seti ya vipande vya ndege unayojiundia, akitoa namba nyingine, fuata zake. Wengi wanaokaza kwa kukadiria huvuka namba hizo kwenye bomba dogo bila kujua, kwa sababu N·m 7 kwa spana ya kawaida ni mguso tu.

Hakuna kinachovuja, lakini presha ya petroli inachezacheza

Hili ndilo gumu kuligundua, na ni la hatari zaidi ya doa. Kwenye ndege yenye mabawa chini, pampu huvuta petroli kutoka tangini, kwa hiyo bomba la upande wa tangi lina presha ndogo kuliko hewa ya nje. Pengo lisilotosha kupitisha petroli linatosha kupitisha hewa. Ndege ikisimama, fitingi ni kavu kabisa. Injini ikizunguka, mapovu yanaingia.

Pampu ya umeme itakusaidia kugawa bomba. Ikiwa imewekwa kabla ya pampu ya injini, kuiwasha hugeuza kipande kilicho kati yao kuwa cha presha. Washa pampu hiyo wakati injini imezimwa, kisha kagua kwa chaki: fitingi iliyokuwa ikivuta hewa sasa italowa. Isipolowa hata moja, mshukiwa ni kipande cha kutoka tangini hadi pampu ya umeme, pamoja na vali ya kuchagulia tangi, ambayo oringi yake ya mhimili husahaulika. Kipande hicho hakipati presha hata siku moja, lazima ukipime kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza, ardhini tu: weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kisichoharibiwa na petroli, kabla ya pampu, na uangalie mapovu. Njia ya pili: mwaga petroli, litenge tangi kabisa, ziba mwisho mmoja wa bomba, tia hewa ya bar 0.3 hivi, paka maji ya sabuni kwenye kila fitingi, na uangalie geji kwa dakika 10 mahali pasipo na jua. Tangi lenyewe usilipe presha hiyo. Lipimwe peke yake, likiwa tupu, kwa baluni iliyofungwa kwenye tundu la hewa. Hata bar 0.07 kwenye karatasi nyembamba ya alumini ni nguvu kubwa.

Usichanganye na petroli kuchemka ndani ya bomba. Hiyo huja injini ikiwa moto, hasa baada ya kuzimwa na kuwashwa tena. Hewa inayovutwa haichagui joto: huonekana hata asubuhi, na huzidi kadiri petroli inavyopungua tangini.

Chujio lina makombo

Mwaga kilichomo kwenye kitambaa cheupe. Nyuzi nyeupe zinazovutika ni tepu ya PTFE. Hizo hukwama kwenye sindano ya kabureta ikashindwa kufunga, au kwenye matundu ya injekta, na moja tu inatosha. Ukizikuta, usisafishe chujio ukaridhika: fungua kila NPT iliyo kabla yake. Vipande laini kama mpira ni silikoni. Utando wa kahawia unaonata ni namba 3 iliyopakwa kwa wingi, au iliyokutana na kilevi. Punje nyeupe zinazovunjika kwa ukucha ni dawa ya aina ya 565 iliyopakwa hadi kwenye hesi ya kwanza.

Dawa bado mbichi baada ya siku mbili

Ile iliyotokeza nje ya muungano haitakauka, kwa kuwa inapata hewa. Ifute tu. Wengine huidhania kuwa ni petroli inayochuruzika wakakaza tena bila sababu. Ndani ya hesi ni habari nyingine: alumini iliyopakwa rangi ya anodi, chuma kisichoshika kutu na kadimiamu huchelewesha kukauka, na ubaridi huongeza. Saa 24 ni kawaida nzuri kabla ya kutia presha. Kwenye metali hizo, ongeza muda au tumia kiamsho cha dawa hiyohiyo. Dawa isiguse vioo vya plastiki: polikabonati na ABS hupasuka.

Geji ya presha ya oili inaruka

Sensa ya waya mmoja hutumia hesi zake kama njia ya umeme kwenda kwenye injini. Tepu hukata njia hiyo. Dawa ya krimu kwa kawaida haikati, kwa kuwa vilele vya hesi huendelea kugusana. Pima ukinzani kati ya mwili wa sensa na injini: ukizidi omu 1, safisha na ufunge upya.

Ukiwa hapo, tazama sensa imeshikiliwa na nini. Sensa nzito iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini kwa nipeli ya brasi ya 1/8 hutikisika hadi nipeli ikakatika kwenye hesi ya mwisho, na oili yote ikatoka. Dalili ya awali ni unyevu wa oili kwenye shingo, unaorudi kila unapoufuta, na ambao dawa haiuzuii. Hamishia sensa kwenye ukuta wa moto (ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani), ukiiunganisha kwa bomba la mpira, na kwenye injini tumia fitingi ya chuma yenye tundu la kubania la kama milimita 1. Geji itasoma vilevile, na mpira ukikatika oili itatoka polepole.

Fitingi za breki zinalowa

Angalia kimiminika kwanza. Oili nyekundu ya MIL-PRF-5606 inaendana na oringi za mpira wa nitrile. Maji ya breki ya magari, ya DOT, yanahitaji oringi za mpira wa EPDM. Oringi isiyo ya kimiminika hicho huvimba, hulainika na kuvuja, na watu hukaza fitingi iliyo jirani yake. Kama ni NPT kweli, 567 inafaa kwa oili nyekundu, na toa hewa kwenye breki upya kila unapofungua. Kama ni hesi sawa, toa dawa yote na uweke oringi mpya: MS28778 kwa oili hiyo, na MS29512 kwa hesi sawa za mabomba ya petroli. Zinafanana kwa macho, kwa hiyo ziweke kwenye mifuko yake hadi dakika ya kuzifunga.